Kapteni Alipofukuza Uji

Mwezi uliopita nilialikwa harusi hapa Kawajense, kwenye ukumbi wa kukodi. Vijana wa muziki walileta ile mashine ya kurusha picha ukutani, ili tuwaone maharusi walivyokuwa wadogo. Inaelekea mashine ilikaa muda mrefu bila kazi. Walipoiwasha, kabla picha haijatokea, vumbi lililolala kwenye taa yake likaanza kuungua, na harufu ikanifikia pale nilipokaa na sahani yangu ya pilau. Nikaacha kula.

"Bibi, vipi? Pilipili?" mjukuu wangu akaniuliza.

Nikamwambia hapana, kula mwanangu. Ningemweleza nini pale, katikati ya vigelegele? Lakini nyie wa rika langu, mliokulia Mpanda tulipokuwa tunakwenda shule na jembe begani, mkisikia vumbi likiungua juu ya balbu mnajua ni nini. Ni Jumapili alasiri. Ni ukumbi wa misheni, mablanketi ya kijivu yamepigiliwa misumari kwenye madirisha ili kufukuza mwanga, joto kama la tanuri, jasho, na nje jenereta inakohoa. Ni sinema.

Padri wetu alikuwa Mzungu mwenye ndevu nyekundu, na alikuwa na mashine ya sinema aliyoipenda kuliko baiskeli yake. Mikanda ilimfikia kwa treni, ndani ya makopo mapana ya duara. Mwaka ule ililetwa mikanda ya hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande vipande, kila Jumapili kipande kimoja. Ilikuwa hadithi ya familia iliyoishi katika nyumba inayoruka kati ya nyota: kapteni mwenye mabega mapana, mke wake aliyekuwa daktari, mapacha wachanga, na mtumishi wa chuma tuliyemwita Bwana Bati. Lugha yao hatukuijua. Katekista Anselmi alisimama kando ya shuka jeupe na fimbo mkononi, Padri akimnong'oneza, naye akitupigia kelele kwa Kiswahili: "Kapteni anasema, jamani, tumevamiwa!"

Na walivamiwa kweli kweli. Jumapili moja na majitu ya moshi, nyingine na dude la chuma lenye macho saba. Kapteni aliwamaliza wote. Kesho yake shuleni tulipigana vita vile upya kwa mabua ya mahindi, na wanaume wakubwa wa reli, watu wenye ndevu, walivisimulia wakiwa wanasubiri treni.

Mimi nilikuwa darasa la tatu, na nilikuwa na imani moja ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Niliamini watu wale wako juu kweli. Niliamini mtu fulani huwapiga picha kule kule, halafu habari zao zinashushwa kwetu kwa treni, kama magazeti. Jioni nilipotumwa maji nilikuwa naangalia juu kuelekea stesheni, nikitafuta nyumba yao. Sikuona ajabu yoyote. Kama treni inaweza kutoka Tabora, kwa nini habari zisitoke angani?

Tulikaa kwenye nyumba za reli, zile zilizojengwa mistari miwili zikitazamana, kila nyumba na jiko lake dogo mbele, la nguzo na bati, lisilo na kuta. Ukipika dagaa, mstari wote unajua. Ukiunguza maharage, mstari wote unakupa pole. Baba alikuwa nyapara wa gangi. Asubuhi alipuliza filimbi, na wanaume wenye nguvu wakabeba nyundo zao wakamfuata kwenda kukagua mataruma, yale magogo yanayobeba reli, na kukaza vyuma. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa jinsi alivyotembea ungedhani reli ile aliilaza mwenyewe.

Mama alitoka Usevya, kwenye mashamba ya mpunga. Hakusoma hata siku moja. Kwao wasichana walifukuza ndege shambani, na wavulana ndio waliokwenda kwa mapadri kusoma. Hilo halikumsumbua sana hadi siku ya dawa.

Mdogo wangu Deo alikuwa na kikohozi na upele wakati mmoja. Zahanati ilimpa Mama chupa mbili, akaelezwa ipi ya nini, akarudi nyumbani. Njiani mvua ikamnyeshea, mawazo yakachanganyika, chupa zikafanana. Baba alikuwa kazini, mimi shuleni. Mama akampa Deo kijiko cha dawa ya kupaka.

Niliporudi nilimkuta Mama anakimbia barabarani bila viatu, Deo mikononi akitapika povu. Nilimfuata hadi zahanati. Deo alipona, namshukuru Mungu, na leo ni babu wa watu. Lakini kabla hajapona, yule muuguzi aliinua chupa mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi akasema, "Mama, si imeandikwa hapa? Ya kupaka! Huoni?"

Mama aliona. Aliona karatasi na alama nyeusi juu yake. Alikaa pale hadi Deo akaacha kutapika, akambeba, tukarudi. Tulipofika mlangoni ndipo akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, "Nitajifunza kusoma."

Nyie mnakumbuka enzi zile za kisomo cha watu wazima. Kila shule ilikuwa na darasa jioni, na wazee walikaa kwenye madawati yetu magoti yakigusa kidevu. Pale shuleni kwetu darasa jipya lilikuwa linaanza. Mama alijiandikisha kwanza, ndipo akamwambia Baba, wakati amekwishakula na ameegemea ukuta.

"Baba Skola, Jumatatu naanza darasa pale shuleni. Saa kumi jioni."

"Saa kumi ndiyo natoka kazini."

"Najua."

"Sasa nani atapika?"

Baba akanitazama mimi. "Skola si yupo?"

"Skola jioni yuko shamba la shule. Akirudi anachota maji, halafu ana hesabu zake. Simtoi mmoja kwenye masomo ili aingie mwingine." Mama alikunja kanga yake vizuri kwenye mapaja. "Nitaacha kila kitu tayari. Mboga imepikwa, kuni zimepangwa, unga umechungwa, maji yako kwenye sufuria. Kilichobaki ni kusonga ugali tu."

"Kusonga ugali tu!" Baba akasema. "Mama Skola, watu ninaowapulizia filimbi asubuhi, jioni wanione nimeshika mwiko?"

Kwa Baba, mwiko ulikuwa mwiko. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alisema hapana, akaingia ndani, na kwake yakaisha. Kwa Mama hayakuisha. Alikaa palepale nje akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Jumapili iliyofuata tulikwenda sinema wote, kama kawaida. Wanaume walikaa kwenye mabenchi ya kulia, wanawake na watoto kushoto kwenye mikeka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama Mzee Venansi. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mmoja wa wale waliopewa mashamba kule kwenye makazi yao. Jumapili alikuja misa na baiskeli, mtoto mmoja wa kiume amekaa kwenye bomba la mbele, na mtoto mdogo wa kike amefungwa mgongoni kwa shuka, kama wafanyavyo akina mama. Tulimwita "mzee", ingawa sasa nadhani alikuwa kijana tu. Sisi watoto tulimcheka kwa lile shuka. Hakuna mwanaume tuliyewahi kumwona amebeba mtoto hivyo.

Sinema ikaanza, na tukasubiri tuvamiwe. Hatukuvamiwa. Mke wa kapteni aliitwa kwenye nyumba nyingine ya angani kumzalisha mtu. Akambusu mumewe shavuni, wanawake wakaguna, akaenda. Kapteni akabaki na mapacha. Pacha mmoja akamwagia Bwana Bati maziwa sikioni, Bwana Bati akatoa cheche akazimika. Sasa mapacha wanalia njaa.

Kapteni akafunga aproni.

Upande wa kulia wanaume wakaangaliana. Kapteni akaweka unga, akaweka maji, akakoroga. Kule juu vitu havina uzito, Anselmi alitueleza, kwa hiyo alipofunua kifuniko uji wote ukatoka taratibu kwenye sufuria kama ukungu unavyoinuka mtoni, ukapanda hadi darini. Kapteni akaufukuza kwa kijiko. Ukamkwepa. Akaufukuza kwa kofia yake ya ukapteni. Mapacha wakafunguka kamba walizofungiwa vitini, nao wakaanza kuelea, matako wazi, wakiula uji huko huko hewani. Kapteni akamkamata mmoja kwa mguu, akamfunga mgongoni kwa mkanda wa suruali, suruali ikaanza kushuka.

"Kapteni anasema," Anselmi akajaribu, "anasema... jamani..." Akashindwa. Aliegemea fimbo yake, mabega yakitikisika. Padri mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa kanzu.

Mama alicheka. Tangu siku ya zahanati nilikuwa sijamsikia akicheka, na sasa alicheka hadi Deo aliyekuwa amelala akaamka akaanza kucheka naye bila kujua kwa nini. Na nyuma mlangoni kulikuwa na sauti moja kubwa kuliko zote, ya mtu anayecheka mdomo wazi na kujipiga paja. Niligeuka. Ni Mzee Venansi.

Nikamtafuta Baba. Alikaa wima, taya zimekaza, akiangalia shuka jeupe kama anayeangalia taruma lililooza.

Wiki ile Mpanda haikuzungumza kingine. Kwenye bomba la maji wanawake waliuigiza uji ule ndoo kichwani. Stesheni wanaume walikasirika. Rafiki mkubwa wa Baba, Kashindye, aliyekuwa mtu wa nyundo nzito katika gangi, alilalamika kama aliyeibiwa. "Mtu amelipasua dude la macho saba, leo anafukuza uji! Wametudanganya. Yule si kapteni, wamemleta mwingine." Wengine walisema ni sinema ya kuharibu wake za watu, wakamwendea Padri kumwambia kwamba yeye hana mke, hawezi kujua. Wachache walisema kwa sauti ya chini kwamba, hata hivyo, ilichekesha. Mjomba wa Mama, aliyekuja kutoka Usevya kutuletea mchele akapelekwa sinema kwa mara ya kwanza maishani, alisema, "Nimeona moja tu, lakini hiyo nimeielewa yote."

Baba alisema ni upuuzi. Kila aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo, upuuzi, akapita.

Na Jumatatu, saa kumi kasoro, Mama alijifunga Deo mgongoni, akatoka kwenda darasani.

Aliacha kama alivyosema. Kuni zimepangwa, moto umewaka taratibu, unga umechungwa kwenye beseni, mboga imefunikwa, mwiko umewekwa juu ya kifuniko. Baba alirudi, akaoga, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya jiko. Nilirudi kutoka shamba la shule nikamkuta hivyo. Maji yalichemka. Akayatazama yakichemka. Moto ukapungua, maji yakanyamaza. Watu wa mstari wa pili walipita wakasalimu, akaitikia. Mama aliporudi alimshusha Deo, akachochea moto, akasonga ugali, akatenga. Hakugomba, hakuuliza kitu. Tulikula.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo. Mtu asiyejua angedhani nyumba ile ina amani, kwa jinsi ilivyokuwa kimya. Lakini mimi nilikuwa kati yao nikila ugali wa kuchelewa, na niliona kwamba hakuna atakayechoka. Baba alikuwa na njaa akashupaa. Mama alikuwa na uchovu, amelima asubuhi, ameokota kuni, amesoma a-e-i-o-u akiwa na mtoto mgongoni, naye akashupaa. Usiku nilimsikia akijisemea ba, be, bi gizani kama mtu anayesali.

Nikaanza kulifikiria jambo lile kwa akili yangu ya darasa la tatu. Kapteni anapika, Baba hapiki. Kwa nini? Nguvu wote wanazo. Kazi kubwa wote wanayo. Nikapekua sinema nzima kichwani mwangu nikitafuta tofauti, na nikaipata. Kule angani hakuna majirani! Nje ya dirisha la kapteni hakuna Kashindye anayepita, hakuna mstari wa pili, kuna nyota tu. Mwanaume yeyote angepika kama angekaa mahali hivyo. Nilifurahi sana. Niliona nimegundua dawa.

Siku ya Alhamisi nikamsogelea pale kwenye kigoda.

"Baba."

"Naam."

"Tunaweza kutundika mablanketi hapa jikoni. Pande zote. Kama ukumbini kwa Padri. Watu hawatakuona."

Aligeuka akanitazama. Nilidhani anapima kama mablanketi yetu yanatosha, nikaongeza, "Kuna la kwangu na la Deo, na lile lako la kazini."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Hapana, Baba. Nimefikiri mwenyewe."

Akainuka, akaondoka kuelekea relini, na siku ile hakurudi kula. Nilijua nimekosea, ila sikujua wapi. Ilinichukua miaka, nami nikiwa na nyumba yangu na ukaidi wangu, kuelewa nilichomfanyia. Alikuwa amejiambia kwamba anakataa kwa sababu ya heshima. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba anaogopa, nikamwonea huruma, nikamtafutia mahali pa kujificha.

Jumapili ikafika. Padri alisimama mbele ya shuka jeupe, jenereta ikiwa bado haijawashwa, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mikanda inarudi na treni ya wiki hii. Leo nitaonyesha tena mmoja tu. Nimesikia maneno mengi. Sasa semeni nyie, hapa, mbele ya wenzenu. Upi?"

Kashindye alikuwa wa kwanza kusimama. "Dude la macho saba!" Upande wa kulia ukapiga makofi. Mzee mmoja wa baraza la parokia akasema sinema ni ya kujifunza ushujaa, na ushujaa haukai kwenye sufuria. Mwanamke mmoja muuza vitumbua akajibu kutoka mkekani bila kusimama kwamba mzee huyo huyo kila asubuhi anakula vitumbua vyake, na havitoki vitani. Watu wakacheka, wakazomeana kidogo, Anselmi akagonga fimbo sakafuni.

Ndipo Mzee Venansi akainua mkono kule mlangoni. Mara ya kwanza Anselmi hakumwona. Akauinua tena.

"Mimi naitwa Venansi," alisema. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake, kwa hiyo alisema taratibu, na ilibidi ukumbi unyamaze ili kumsikia. "Natoka makazi ya wakimbizi. Kiswahili changu ni kidogo, mtanisamehe. Kwetu mwanaume hagusi chungu. Wanasema ataleta mkosi. Mimi sikugusa chungu hata siku moja. Mkosi ulikuja hivyo hivyo. Mke wangu alifia njiani tulipokuwa tunakimbia."

Akamgusa mtoto wa mgongoni, kisha yule mvulana wake kichwani.

"Nikabaki na huyu, na huyu kaka yake. Siku ya kwanza kupika, uji ulimwagika wote kwenye moto. Nikakaa chini, nikalia. Watoto wakalia. Nikasema, Imana, Mungu wangu, ni mimi peke yangu duniani niliyeshindwa na uji. Sasa Jumapili ile nikamwona kapteni. Mtu mkubwa, ana nyumba inayoruka, na uji unamshinda. Unapanda darini! Nikacheka. Tangu tuvuke mpaka nilikuwa sijacheka. Mtoto wangu mkubwa aliniuliza, Baba, una nini? Hakujua sauti ile." Akamweka sawa mtoto mgongoni. "Kwa hiyo mkiniuliza mimi, mimi nataka uji."

Sisi watoto tuliozoea kulicheka lile shuka lake tuliangalia miguu yetu. Nikasikia bati la ukumbi likilia kwa joto. Kisha benchi la kulia likakwaruza sakafu, mtu akasimama, na mtu huyo alikuwa Baba.

"Mnanijua," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kazini, lakini mikono aliishika pamoja mbele kama aliyekwenda kupokea komunyo. "Wiki nzima nimesema sinema ile ni upuuzi. Si kweli. Ilinichekesha. Niliuma shavu kwa ndani ili nisicheke mbele ya watu wangu."

"Nyapara!" Kashindye akaita, nusu utani, nusu kumwokoa. "Kaa chini, bwana!"

"Subiri, Kashindye. Mzee Venansi amejifunza kupika kwa sababu mke wake amekufa. Mimi wa kwangu yuko hai. Yule pale. Anataka kusoma, ili asimuue mtoto kwa dawa. Sasa mimi nasubiri nini? Nisubiri naye afe ndipo nijifunze?" Alitaka kuendelea, nadhani, lakini maneno yakamwishia. "Naomba uji," akasema, akakaa.

Mama hakumtazama. Aliinamisha kichwa juu ya Deo akawa anamfunga vifungo vya shati, vifungo ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

Nyie mnaopenda hadithi ziishe vizuri mtasema tuliuona uji. Hatukuuona. Padri alihesabu mikono na dude la macho saba likashinda kwa mbali, maana ukumbi ulikuwa umejaa wavulana na watu wa reli. Wakapiga kelele, jenereta ikawashwa, vumbi likaungua, na kapteni akalipasua dude lile kwa mara ya mwisho hapa Mpanda. Sikumbuki kitu cha sinema ile. Nakumbuka kwamba upande wa kulia, kati ya mikono yote iliyobaki chini wakati dude linapigiwa kura, ulikuwepo mkono wa Baba, na kwamba uji ulipotajwa aliuinua juu, umenyooka kama anayesimamisha treni.

Tulipokuwa tunatoka, Kashindye alimpita Baba bila kumsemesha.

Jumatatu saa kumi kasoro Mama alijifunga mtoto akaenda. Moto, maji, unga, mwiko, kama kawaida. Mimi nilikimbia kutoka shamba la shule bila hata kunawa miguu, nikaingia ndani, nikachukua blanketi langu. Baba alikuwa amekwisha kurudi. Amesimama mbele ya jiko, mikono ya shati imekunjwa, anaangalia sufuria kama anayesoma njia. Nikaanza kulifunga blanketi kwenye nguzo ya upande wa barabara.

"Toa hiyo," akasema.

"Lakini Baba, watakuona."

"Moto unataka hewa. Toa."

Nikatoa. Maji yakachemka. Akamwaga unga wote kwa mara moja, mvuke ukampiga usoni, akaruka nyuma, akarudi. Nilitaka kumwambia unga unatiwa kidogo kidogo, nikaona bora ninyamaze, kisha nikashindwa, nikamwambia. Akasema "Ahaa," akazidi kusonga. Alisonga kwa mikono miwili kama anayekaza chuma cha reli, sufuria ikazunguka juu ya mafiga, nikaishika kwa kitambaa. Watu wakaanza kutoka mstari wa pili. Mama mmoja alitoa beseni la nguo lisilokuwa na nguo. Watoto walikuja moja kwa moja wakasimama, hawakutafuta kisingizio.

Kashindye akapita, kaptula yake imejaa grisi. Akasimama.

"Nyapara. Umepata kazi mpya?"

Jasho lilikuwa linamtiririka Baba hadi kidevuni. Hakuacha kusonga.

"Nimeongezewa," alisema.

"Na filimbi je?"

"Filimbi kesho asubuhi, kama siku zote. Na wewe usichelewe kama leo."

Kashindye akasogea karibu. Akaangalia mikono ya Baba, akaangalia sufuria. "Unaungua huo," akasema mwisho, akaenda zake.

Mwishowe Mama alijua kusoma, hilo nalisema hapa ili msikae roho juu. Haikuwa haraka, na kulikuwa na jioni nyingi mbaya kabla ya hapo, nyingine Baba alirudi amechoka akakaa tena kwenye kigoda bila kugusa mwiko. Lakini jioni ile ya kwanza ndiyo ninayoiona. Mama alitokea kwenye kona ya stesheni, Deo mgongoni, chaki kwenye kanga. Aliona watu wamesimama akaharakisha, akidhani kuna jambo baya. Kisha akaona mkeka umetandikwa, maji ya kunawa yapo, na ugali katikati ya sinia, umeinama upande mmoja, mweusi chini, na mabonge ya unga mkavu yakichungulia kila mahali.

Alikaa. Akanawa. Akamega, akachovya, akala. Baba alikuwa bado amesimama na mwiko mkononi.

"Vipi?" akauliza.

"Umeiva."

"Mama Skola."

Mama akatafuna lile bonge hadi likaisha, akameza, akamega tena.

"Umeungua kidogo," alisema.

Baba akaketi kando yake kwenye mkeka, mbele ya mstari mzima, akavuta sinia likae kati yao.

"Kesho nitapunguza moto," akasema.